Arrow ilisimama tena, Heroes ikashindwa: tamthilia ya mashujaa hujengwaje upya baada ya msimu kuharibika?

Mwanzisha uzi

Tahadhari kwa ambao hawajatazama: uzi huu unataja vifo, usaliti na miisho ya misimu ya tamthilia mbili, Heroes na Arrow. Asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa.

Tamthilia ya mashujaa inapotoka kwenye msimu uliowaudhi watazamaji, maneno yanayoutangulia msimu mpya huwa yaleyale: tumewasikia, tunarudi kwenye asili yetu, safari hii mambo yatakuwa makubwa kuliko mwanzo. Huwa nayapokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mtu anayeipenda hadithi hutaka kuamini kwamba itapona. Hata hivyo, baada ya kuzitazama upya tamthilia hizi mbili kwa kufuatana, naona maneno hayo hayatusaidii kujua lolote. Swali la kuuliza ni iwapo waandishi wamerudi kulipa deni ambalo hadithi yao ilikuwa ikidaiwa tangu mwanzo. Deni ninaloliita hivyo ni jambo zito ambalo hadithi ililitenda au iliahidi kulitenda, kisha ikalipita kana kwamba halikuwapo. Heroes ilipewa nafasi ya kurudi mwaka 2008 ikaongeza mwendo. Arrow ilipewa nafasi hiyo mwaka 2016 ikalipa.

Nianze na iliyoshindwa, kwa sababu kushindwa kwake kunafundisha zaidi.

Heroes, iliyobuniwa na Tim Kring, ilianza kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 25 Septemba 2006, na sehemu yake ya kwanza ilitazamwa na watu takriban milioni 14. Watu wa kawaida wasiojuana wanagundua kwamba wana uwezo usio wa kawaida, na mmoja baada ya mwingine wanavutwa kuelekea kwenye hatari moja, yaani mlipuko utakaoiangamiza New York. Hiro Nakamura, mfanyakazi wa ofisini kutoka Tokyo mwenye uwezo wa kusimamisha wakati, anaushuhudia mlipuko huo mapema kabisa, na kuanzia hapo kila mhusika, hata yule anayehangaika na ndoa yake au na malezi ya mtoto wake, anakuwa safarini kuelekea siku ileile. Mtazamaji alijua anachokisubiri, na kila wiki alihisi kwamba amekikaribia.

Sehemu ya 17 ya msimu huo, iliyoandikwa na Bryan Fuller na kurushwa Februari 2007, ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha tamthilia nzima. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea ndani ya nyumba ya familia ya Bennet, ambako watu wawili wenye nguvu za ajabu wameishika familia mateka. Noah Bennet, ambaye kwa muda mrefu tulimdhania kuwa adui, anafichuka kuwa baba anayemlinda binti yake wa kulea, Claire, dhidi ya shirika analolitumikia yeye mwenyewe. Mwishoni anakubali kupigwa risasi na kufutwa kumbukumbu ili asiweze kusema mwanawe amefichwa wapi. Nguvu za ajabu zimejaa katika sehemu hiyo, lakini tunachokikumbuka ni uamuzi wa baba na gharama aliyoilipa.

Msimu wa pili ulianza tarehe 24 Septemba 2007, na mambo yakaanza kulegea mapema. Hiro alitupwa katika Japani ya mwaka 1671 na kukaa huko sehemu baada ya sehemu. Peter Petrelli, mhusika mkuu mwingine mwenye kuchukua uwezo wa wengine, alikuwa Ireland, amepoteza kumbukumbu. Ndugu wawili, Maya na Alejandro, walisafiri kwa wiki nyingi kuelekea Marekani bila kukutana na mtu tunayemjali. Claire alipewa mapenzi ya shule na kijana anayeruka angani. Kisha mgomo wa waandishi wa Hollywood ulianza tarehe 5 Novemba 2007, na msimu uliokusudiwa kuwa na sehemu 24 ukakatishwa baada ya sehemu 11. Mwisho wake ilibidi ubadilishwe ili ugonjwa wa kuambukiza uliokuwa utoroke uzuiwe papo hapo.

Msimu huo ukiwa bado unarushwa, Kring alijitokeza katika mahojiano akataja makosa waziwazi: mwendo ulikuwa wa polepole, hatari kubwa ilichelewa kuonekana, wahusika wapya waliingizwa vibaya, Hiro alikaa Japani kupita kiasi, na mapenzi hayakuiva. Namheshimu sana kwa hilo. Ni nadra kwa mwenye hadithi kusimama mbele ya watazamaji wake na kuorodhesha alipokosea, tena kwa usahihi.

Tatizo ni kwamba orodha hiyo, ingawa kila kipengele chake kilikuwa kweli, ilikuwa orodha ya dalili. Waliotengeneza msimu wa tatu waliisoma kama maagizo ya kuongeza mwendo. Msimu huo ulipoanza tarehe 22 Septemba 2008 kwa sehemu mbili mfululizo, mwendo uliongezwa hadi hakuna kilichopata nafasi ya kutuingia. Sylar, muuaji aliyekuwa tishio kuu la msimu wa kwanza, anaupata uwezo wa Claire katika sehemu ya kwanza kabisa, anaambiwa kwamba ni mwana wa Angela Petrelli, mama yake Peter, anawekwa kufanya kazi bega kwa bega na Noah Bennet, anajaribu kuwa mwema, kisha anarudia uuaji. Mohinder, mwanasayansi mtulivu, anajidunga dawa na kuota magamba. Hiro anafanywa awe na akili ya mtoto wa miaka kumi. Peter ananyang'anywa nguvu zake na baba aliyedhaniwa kuwa amekufa. Halafu jua linapatwa na kila mtu anapoteza uwezo wake kwa muda. Kila moja ya hizi ingeweza kuwa hadithi ya msimu mzima. Zilirundikwa, na kwa kuwa tukio lililofuata lilifuta lililotangulia, mtazamaji alijifunza kutojali.

Deni lenyewe lilikuwa wapi? Kwa maoni yangu yalikuwa mawili, na yote mawili yanaonekana wazi ukitazama mwisho wa msimu wa pili.

La kwanza ni la binadamu. Caitlin, mwanamke wa Ireland aliyempokea Peter alipokuwa hajijui, alichukuliwa naye hadi katika siku za usoni zilizoharibiwa na ugonjwa, akaachwa huko. Peter alirudi, akalizuia janga, na Caitlin hakuonekana tena. Hadithi haikurudi kumtafuta, wala Peter hakuonyeshwa akiubeba msiba huo kwa uzito wake. Mhusika mkuu aliyesifiwa kwa huruma alimpoteza mtu aliyempenda kwa kosa lake mwenyewe, na waandishi wakalipita jambo hilo. Kama msimu wa tatu ungefunguliwa kwa Peter ambaye hawezi kulala kwa sababu ya Caitlin, tungekuwa na mtu wa kumfuata.

La pili ni la hadithi nzima. Sehemu ya mwisho ya msimu wa pili inaisha Nathan Petrelli, kaka yake Peter na mwanasiasa, akiwa mbele ya waandishi wa habari, tayari kuutangazia ulimwengu kwamba watu wenye uwezo huu wapo. Anapigwa risasi kabla hajamaliza. Hilo ni lango ambalo tamthilia ililifikia yenyewe, Desemba 2007, na yeyote aliyekuwa akitazama alitaka kuona upande wa pili wake. Msimu wa tatu ulimponya Nathan na kulifunga lango. Lilifunguliwa katika onyesho la mwisho la msimu wa nne, tarehe 8 Februari 2010, Claire alipojirusha kutoka juu mbele ya kamera na kujiponya hadharani. Mwezi Mei mwaka huohuo NBC ikaifuta tamthilia. Miaka miwili na zaidi ilipita kati ya ahadi na utekelezaji wake, na wengi waliokuwa wakiusubiri walikwisha kuondoka.

Lazima niwe mwadilifu: nusu ya pili ya msimu wa tatu ilikuwa bora. Mapema Novemba 2008 watayarishaji wawili wakuu, Jeph Loeb na Jesse Alexander, waliondolewa, Bryan Fuller akarudi kwa muda, na hadithi ikakusanywa kwenye jambo moja la serikali kuwasaka wenye nguvu, msako ulioanzishwa na Nathan mwenyewe. Hapo palikuwa na uhai. Lakini ulipofika mwisho, Sylar alimuua Nathan, na badala ya kifo hicho kuachwa kiwe kifo, Sylar akafanywa kwa nguvu za akili aamini kwamba yeye ndiye Nathan. Tumezoea kwamba steringi hafi. Mtazamaji anapojua kwamba hata kifo kilichoonyeshwa waziwazi kitapatiwa njia ya kuzungukwa, hakuna hatari yoyote inayoweza kumtisha tena.

Sasa tuje kwa Arrow, tamthilia ya kituo cha The CW iliyoanza tarehe 10 Oktoba 2012. Stephen Amell alicheza kama Oliver Queen, mwana wa tajiri aliyedhaniwa kuwa amekufa baharini na aliyerudi nyumbani baada ya miaka mitano akiwa na upinde, orodha ya majina aliyoachiwa na baba yake, na mikono iliyokwisha kuzoea kuua. Katika msimu wa kwanza anaua watu wengi. Rafiki yake Tommy anapokufa mwishoni mwa msimu huo, Oliver anaapa kutoua tena, na hadithi inasonga mbele kana kwamba kiapo kimefuta yaliyotangulia. Kumbe wale waliouawa nao walikuwa na watoto, na hapo ndipo deni lilipoanzia.

Msimu wa nne, wa mwaka 2015 hadi 2016, uliwachosha hata waliokuwa waaminifu. Neal McDonough, aliyecheza kama adui mkuu Damien Darhk, hakuwa tatizo. Alifurahia kila neno alilolitamka. Tatizo ni kwamba tamthilia iliyosimama juu ya ngumi, mishale na vichochoro vya giza iliegemea uchawi ambao haukuwa na mipaka inayoeleweka. Sehemu ya kwanza ilionyesha kaburi bila kutaja aliyezikwa, na watayarishaji walieleza kwamba walipopiga onyesho hilo hawakuwa wameamua atakuwa nani. Inaonekana. Laurel Lance, mwenzake Oliver katika kikosi chake, alipouawa Aprili 2016, kifo chake kilihisi kama jina lililotafutwa ili kujaza kaburi lililokwisha kuchimbwa. Kisha, karibu na mwisho, kombora la nyuklia lilielekezwa kwenye mji wa Havenrock ili kuuepusha mji mkubwa zaidi. Maelfu ya watu waliteketea, na msimu ukaisha bila kupata nafasi ya kuwalilia.

Msimu wa tano ulipoanza tarehe 5 Oktoba 2016, sikuona haraka yoyote ya kutushangaza. Sehemu ya kwanza iliongozwa na James Bamford, ambaye alikuwa msimamizi wa mapigano wa tamthilia hiyo, na mapigano yalirudi kuwa ya miili inayochoka na kuumia. Adui wa mwanzo, Tobias Church, alikuwa jambazi wa mtaani asiye na uchawi wowote. Jambo zito zaidi lilitokea kimyakimya: Oliver, ambaye sasa ni meya, anaua tena katika sehemu hiyohiyo, na dada yake Thea anakataa kulifumbia macho. Hivyo mada iliwekwa mezani siku ya kwanza.

Kisha akaja Prometheus. Silaha zake za kurusha zilikuwa zimetengenezwa kwa mishale ya zamani ya Oliver iliyoyeyushwa, na sidhani kama tamthilia hii iliwahi kubuni kitu cha busara kuliko hicho. Mishale ile ni ya msimu wa kwanza; sisi watazamaji tuliiona ikirushwa, tukashangilia. Miaka minne baadaye imekusanywa na mtu aliyefiwa. Tunaelezwa kwamba Prometheus ni mwana wa Justin Claybourne, mmoja wa waliouawa kwa ajili ya ile orodha, na katika sehemu ya 15 tunaonyeshwa kwamba ni Adrian Chase, mwendesha mashtaka anayefanya kazi na meya kila siku na kuaminiwa naye. Josh Segarra alimcheza bila kelele, kwa utulivu unaotisha, kwa sababu Chase hataki kuutawala mji wala kuuangamiza ulimwengu. Anamtaka mtu mmoja aseme ukweli.

Na anausema. Katika sehemu ya 17 Oliver amefungwa na kuteswa kwa siku kadhaa, na anacholazimishwa kukitamka hatimaye ni kwamba aliua kwa sababu alipenda kuua. Misimu minne tuliambiwa kwamba ilikuwa haki, kwamba lilikuwa agizo la baba, kwamba mji ulihitaji kuokolewa. Sehemu ile ilizirudia sababu zote hizo na kuzipima upya mbele yetu. Oliver anarudi kwa wenzake akiwa ameachiwa huru na anawaambia kwamba hataki kuendelea. Hakuna mji uliokuwa hatarini katika sehemu hiyo, na bado ni miongoni mwa saa zenye uzito mkubwa nilizowahi kutazama katika tamthilia za aina hii.

Havenrock nayo haikusahaulika. Rory Regan, mmoja wa wageni waliojiunga na kikosi, ni mtu aliyenusurika katika mji ule, na Felicity, mtaalamu wa kompyuta wa kikosi cha Oliver aliyeligeuza kombora, analazimika kumwambia ana kwa ana. Onyesho hilo ni fupi, lakini lilirekebisha sehemu kubwa ya kilichoniudhi mwaka uliotangulia.

Msimu ulikuwa na mapungufu. Matukio ya nyuma yaliyotokea Urusi, Oliver akiwa bado amepotea, yalikuwa mazito mahali fulani na ya kuchosha kwingine, wageni wengine wa kikosi hawakupewa muda wa kutosha, na Thea alitoweka kwa vipindi virefu. Lakini hata yale matukio ya nyuma yaliishia pale yalipopaswa kuishia: mwaka wa tano wa kupotea kwa Oliver ulifungwa katika kisiwa cha Lian Yu, kwa mashua ileile tuliyoiona Oktoba 2012, na kwa simu anayompigia mama yake ambaye sisi tunajua kwamba ameshakufa.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Ningependa kusikia kwa wanaoiona tofauti, hasa wale walioifuata Heroes wakati ikirushwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu Prometheus, lakini nadhani umeionea Heroes. Arrow ina mhusika mkuu mmoja, kwa hiyo ni rahisi kulijua deni la hadithi: ni deni la Oliver. Heroes ilikuwa na wahusika zaidi ya kumi waliotawanyika duniani, na Kring mwenyewe alikuwa na wazo la awali la kuwabadilisha wahusika kila msimu, wazo lililoshindikana kwa sababu watu waliwapenda mno wale wa kwanza. Ukiwabakisha wote, kila mmoja anadai hadithi yake, na wawili kati yao, Peter na Sylar, wanakusanya uwezo wa wengine hadi hakuna tatizo wasiloweza kulitatua kwa dakika moja. Ndiyo maana kila msimu ulilazimika kumpokonya Peter kitu: kumbukumbu, kisha nguvu. Huo ni ugonjwa wa muundo. Hata kama wangemrudia Caitlin, ugonjwa ungebaki.

Pili, unasema Arrow ilisimama tena, lakini idadi ya watazamaji wake iliendelea kushuka katika msimu wa tano. Kama kulipa deni ndiyo tiba, mbona mgonjwa hakunenepa?

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, mkuu. Hoja yako ya muundo ina nguvu, na naipokea kama nyongeza, kwa sababu inaeleza kwa nini deni la Heroes lilikuwa gumu kulipa. Hata hivyo haielezi kwa nini halikujaribiwa. Wingi wa wahusika ulikuwepo katika msimu wa kwanza pia, na uliunganishwa na tarehe moja na mlipuko mmoja. Kufichuka kwa siri mbele ya ulimwengu kungefanya kazi ileile: kungemgusa Claire shuleni, Matt katika kazi yake ya polisi, Nathan katika siasa, Noah katika shirika lake, kila mmoja kwa namna yake, bila kuhitaji kumpokonya Peter chochote. Isitoshe, uwezo mkubwa wa Peter usingekuwa na faida kubwa mbele ya umma unaomwogopa. Lango lile lilikuwa dawa ya ugonjwa unaoutaja, nalo lilikuwa limeshafunguliwa nusu.

Kuhusu watazamaji, ni kweli walipungua. Mtu aliyeondoka kwa hasira hayupo tena kuona kwamba nyumba imekarabatiwa, na vituo vya televisheni vinalijua hilo. Ninapima kurudi kwa tamthilia kwa kilichomo ndani yake, kwa sababu takwimu za msimu mzuri mara nyingi ni adhabu ya msimu mbaya uliotangulia. The CW iliiacha Arrow iendelee hadi msimu wa nane, Januari 2020. Heroes haikupata subira ya namna hiyo, labda kwa sababu NBC ilikuwa imezoea idadi za mwaka 2006.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza mfano wa tatu, ndugu zangu, ambao unaunga mkono upande mmoja wa hoja na kuupinga mwingine. Iron Fist ya Netflix ilipotoka Machi 2017 ililaumiwa vikali, hasa kwa mapigano dhaifu katika hadithi ya mtu anayesifiwa kuwa bingwa wa mapigano. Finn Jones, aliyemcheza mhusika mkuu Danny Rand, alieleza baadaye kwamba mara nyingi alijifunza mpangilio wa pambano muda mfupi tu kabla ya kamera kuwashwa. Msimu wa pili ulipotoka Septemba 2018, msimamizi mkuu alikuwa mpya, Raven Metzner, mratibu wa mapigano alikuwa mpya, na sehemu zilipunguzwa kutoka 13 hadi 10. Ukautazama ukaona mara moja kwamba watu wamefanya mazoezi. Kwa hiyo wakati mwingine tatizo ni la ufundi tu, na ufundi ukirekebishwa, kazi inapona. Netflix iliifuta mwezi uliofuata, lakini hilo halikuwa kosa la msimu wenyewe.

Kwa upande wa deni, hata hivyo, mwanzisha uzi yuko sahihi. Kilichoupa msimu ule uzito ni Davos, rafiki wa utotoni wa Danny aliyeamini kwamba nguvu ya ngumi ya chuma, yaani Iron Fist yenyewe, ilikuwa haki yake, na swali la iwapo Danny Rand alistahili kuipata hata kidogo. Swali hilo lilikuwa vinywani mwa watazamaji tangu msimu wa kwanza. Tamthilia ililijibu kwa kumvua Danny nguvu, na mwishoni nguvu hiyo ikawa mikononi mwa Colleen Wing, mpenzi wake Danny.

Mwanzisha uzi

Huo ni mfano mzuri mno, na ninausikitikia, kwa sababu Colleen mwenye nguvu ile ndiye mhusika ambaye ningemfuata kwa miaka mingine mitatu bila kuchoka. Jessica Henwick, aliyemcheza, aliubeba msimu wa kwanza hata ulipokuwa hauna mwelekeo. Nakubali pia kuhusu ufundi. Arrow nayo ilirekebisha mapigano yake kwa wakati uleule ilipoirekebisha hadithi, na kwa kuwa kazi zote mbili zilifanyika pamoja, ni vigumu kutenganisha mchango wa kila moja. Ningesema tu kwamba mapigano mazuri ya sehemu ya kwanza yalinifanya niendelee kutazama, na Chase ndiye aliyenifanya nijali.

Nimeulizwa pembeni na wengine walioiacha Arrow katika msimu wa nne kama wanaweza kuingia moja kwa moja katika wa tano. Wanaweza. Wanahitaji kujua kwamba Darhk ameuawa na Oliver mbele ya watu wa mji, kwamba Laurel amekufa, kwamba Havenrock imeteketea na Felicity ndiye aliyeligeuza kombora, kwamba Thea na Diggle, mwenzake Oliver wa tangu mwanzo, wameacha kazi ya usiku, na kwamba Oliver ana mwana anayeitwa William ambaye amefichwa mbali naye. Huyo mtoto msimsahau, kwa sababu sehemu ya mwisho yote inamzunguka yeye. Kwa ambao hawajawahi kuitazama kabisa, msianzie hapo. Tazameni msimu wa kwanza wote, na kila Oliver anapolifuta jina moja katika orodha ya baba yake, angalieni ni nani aliyeanguka.